UZI: Nyumba mpya Ifo 2 au nyumba ya mtumba Ifo ya zamani? Historia ya ukuta usio na hati

1/ Mjadala wa Dadaab ukianza, pande mbili hujipanga haraka. Wa kwanza: "Wanajengewa mji kwenye ardhi yetu!" Wa pili: "Zaidi ya miaka 30, bado mnawaweka watu kwenye maturubai?" Leo tuache kelele kidogo, tuangalie nyumba zenyewe. Tutalinganisha majirani wawili: Ifo na Ifo 2. Soma mpaka mwisho ndio ubishe.

2/ Ifo ilifunguliwa 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka na watu wakavuka mpaka. Hagadera na Dagahaley zikafuata 1992. Kambi zote tatu zilipangiwa watu 90,000, tena kwa muda mfupi. Kufikia mwanzo wa 2012, Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Huo "muda mfupi" ndio mzizi wa fitina yote.

3/ Nyumba ya Ifo ya zamani haikujengwa siku moja. Ilianza na aqal: matawi yaliyopindwa, juu vitambaa na turubai. Baadaye ukaja ukuta wa matofali ya udongo. Kisha mabati, mlango, choo, uzio wa miiba. Mwarobaini ukapandwa uani, na leo ndio kivuli cha nyumba nzima. Watu wamezaliwa hapo, wakaoa hapo, wakapata wajukuu hapo hapo.

4/ Sasa familia ikihamia ng'ambo, au ikirudi Somalia, nyumba inabaki na mtu anainunua. Tuiite nyumba ya mtumba. Mnunuzi analipia nini? Mabati, mlango, choo, mti, na ukaribu na soko, bomba la maji na shule. Ardhi yenyewe hainunuliwi, maana muuzaji hakuwahi kuwa nayo. Nguvu ya biashara hiyo ni majirani na mashahidi. Ofisi ya ardhi haiijui.

5/ Haya, twende kwa jirani. Ifo ilikuwa imefurika, na sehemu yake huingiwa na maji mvua ikizidi. Mafuriko ya 2006 yaliwahamisha watu wengi. Ikaamuliwa ijengwe Ifo 2: ploti zilizopimwa, bloku zilizopangwa, barabara pana. Ndani yake kulikuwa na nyumba za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni. Yanashikana lenyewe kwa lenyewe.

6/ Kiufundi ilikuwa nyumba nzuri kwa eneo kame: hupunguza joto, haihitaji mbao nyingi, vijana wa hapo wanaweza kufyatua tofali wenyewe. Kisiasa ilikuwa balaa. Ujenzi ukasimamishwa, hoja kubwa ikiwa kwamba nyumba zile zinaonekana za kudumu. Yaani kosa la nyumba lilikuwa kusimama vizuri.

7/ Halafu ukaja ukame wa 2011. Katikati ya mwaka watu zaidi ya 1,000 kwa siku walikuwa wakiingia Dadaab. Walikaa pembezoni mwa kambi za zamani, kwenye vibanda vya matawi na nguo, huku Ifo 2 ikiwa pale pale na vituo vyake, haina wakaazi. Ilifunguliwa baada ya mabishano marefu, na wengi waliingia kwenye mahema. Zile nyumba za matofali zilibaki chache.

8/ Kwa hiyo mwaka ule, jipya lilishinda kwa mpangilio na nafasi. Mtumba ulishinda kwa soko, kivuli na ujirani. Hadi hapo ni hesabu ya kawaida ya mtu yeyote anayetafuta nyumba, awe Ifo, Kitengela au Mtwapa. Tofauti ya Ifo ni inayofuata.

9/ Novemba 2013 Kenya, Somalia na UNHCR walitia saini makubaliano ya kurudi kwa hiari. Mei 2016 serikali ikatangaza kufunga Dadaab yote. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, hatua hiyo ni kinyume cha Katiba. Lakini Kambioos ilifungwa 2017, na Ifo 2 ikafungwa 2018. Ile mpya, iliyopangwa vizuri, ndiyo iliyotangulia kufa! Aliyekuwa ameongeza chumba au choo pale hakuwa na hati ya kumdai mtu yeyote.

10/ Kisha 2023, baada ya ukame mwingine, Ifo 2 ikafunguliwa tena kupokea wageni wapya. Unaona sasa? Thamani ya nyumba Ifo haipandi na kushuka kwa sababu ya saruji. Inafuata matangazo ya Nairobi.

11/ Msikimbilie kusema "shida ni ya wakimbizi tu." Ardhi nyingi ya Garissa ni ya jamii. Kifungu 63 cha Katiba kinailinda, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii. Kwa hiyo mfugaji ambaye babu yake alichunga ngamia pale pia anaweza kukosa karatasi mkononi. Wasiwasi wake si chuki. Ni hofu ya mtu asiye na hati akimtazama mwenzake asiye na hati akijenga ukuta.

12/ Na yule mgeni? Kifungu 65 kinamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Hakuna sheria inayotisha kwamba tofali litageuka kuwa umiliki. Turkana, makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa 2016 kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, na familia zikapewa pesa zijenge nyumba za kudumu. Nchi ni ile ile.

13/ Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya pamoja. Basi mwanasiasa akija kuwapigia kelele, muulizeni matatu: Ardhi ya jamii itasajiliwa lini, kwa jina la nani? Aliyenunua nyumba ya mtumba Ifo atatambuliwa vipi? Na kodi ya ardhi ikilipwa, itaingia mfuko gani?

14/ Akijibu kuhusu ukuta, amekwepa swali. Kwa zaidi ya miaka 30 tumepigana na tofali, na karatasi hatujaigusa. Haya, uwanja ni wenu. Hoja, si matusi.