Udongo wa Ndalu na roboti ya Gigiri

Nimepotea kidogo, nilikuwa nyumbani Ndalu, kule Bungoma inakopakana na Trans Nzoia. Gumzo ni lile lile: mbolea. Mwaka mmoja mzee wangu alipeleka udongo maabara. Majibu yalifika mahindi yakiwa magotini, DAP ilishaingia ardhini zamani.

Sasa sikieni hadithi hii. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh wa ICRAF, kituo cha kilimo mseto pale Gigiri, Nairobi, walichapisha utafiti wa sampuli zaidi ya 1,000 za udongo kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Badala ya kumwagia kila sampuli kemikali, waliimulika, wakapima mwanga unaorudi, kisha tarakilishi ikajifunza kuoanisha mwanga huo na majibu ya maabara. Leo tungeiita akili bandia. Wakati ule ilikuwa takwimu tu!

Roboti ikafuata. Katika mradi wa AfSIS, udongo uliosagwa laini ulipakiwa kwenye sahani ya vishimo 96, na mkono wa roboti ukawa unazilisha sahani hizo kwenye mashine ya mwanga wa infraredi. Sampuli chache tu zilipimwa kwa kemikali, ili tarakilishi ipate cha kujifunzia.

Mwaka 2014 data hiyo iliwekwa Kaggle kama mashindano: tabiri pH, kalsiamu, fosforasi, kaboni ya mboji na kiasi cha mchanga. Nami nikajitosa. Kalsiamu ilikubali, pH pia. Fosforasi ikanigomea, na si mimi peke yangu. (Msimbo wangu nao haukuwa wa kujivunia.) Tatizo ni la kikemia: mwanga ule huona madini ya mfinyanzi na mboji, lakini fosforasi ambayo mmea unaweza kuifyonza ni kidogo mno na haina alama yake wazi.

Na fosforasi ndiyo mzee anayoinunua ndani ya gunia la DAP! Udongo ukiwa na asidi nyingi, chuma na aluminiamu huikamata, mahindi yasiipate. DAP yenyewe huongeza asidi.

Nikamweleza: mashine inaweza kukuambia upesi kama shamba lina asidi, lakini kwa fosforasi bado tunamhitaji mkemia na chupa zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza gunia la chokaa ni pesa ngapi Kitale.

Sikujua.