Mpishi, Boi na Yaya: Mgawanyo wa Kazi za Nyumbani katika Afrika ya Mashariki

Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika majina ya watenda kazi. Mpishi ni mtu apikaye, mfinyanzi ni mtu afinyangaye. Wala hapana silabi katika majina hayo iarifuyo kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke. Lakini lugha ilipoacha kugawa, desturi iligawa. Mahali pengi pa bara mfinyanzi alikuwa mwanamke na mhunzi mwanamume. Katika pwani ya Unguja wanaume walikwenda baharini kwa ngalawa, na wanawake wakafukia makumbi katika matope ya ufuoni, wakayaponda na kusokota kamba. Migawanyo ya namna hii hudhaniwa kuwa ni ya maumbile. Historia ya kazi ya jikoni yaonyesha vingine.

Katika nyumba nyingi za Waafrika kupika kulikuwa kazi ya mke. Walakini zamani za ukoloni, wapishi waliolipwa katika nyumba za Wazungu walikuwa wanaume karibu wote. Wanaume pia waliandika meza, wakafua nguo na kupiga pasi. Mwanamke aliingia humo hasa kwa kulea watoto, akaitwa yaya. Sababu kubwa ya hayo haikuwa ustadi, bali kodi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kuajiriwa. Basi mwanamume alitoka, mwanamke akabaki kulima. Katika Kenya, kipande kilichoanza kutumika kiasi cha mwaka 1920 kiliwapasa wanaume wa Kiafrika wa miaka 16 na zaidi. Hao ndio waliohesabiwa kuwa watu wa ajira. Mshahara ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja, kwa kuwa chakula cha watoto kilitarajiwa kutoka katika jembe la mama yao. Hivyo kazi ya mke isiyolipwa ndiyo iliyopunguza gharama ya kazi ya mume iliyolipwa.

Baada ya uhuru, Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, wanaume wengi walipata nafasi katika viwanda, ofisi na uchukuzi. Nyumba za mjini ambamo mume na mke wote waliajiriwa zilihitaji mtu wa kulea na kupika, lakini nyingi hazikuwa na uwezo wa kulipa mshahara mkubwa. Wakaletwa wasichana kutoka mashamba, mara nyingi watoto wa ndugu. Kazi ile ile ikahama upande katika muda wa vizazi viwili hivi, na leo hufanywa zaidi na wanawake.

Majina yaliandamana na mabadiliko hayo. Mpishi na dobi ni majina ya ufundi. Boi, neno la Kiingereza la mtoto mwanamume, aliitwa hata mtu mwenye mvi. Msichana wa kazi na dada wa kazi hutaja umri na udugu, hayataji ufundi. Na asiyetajwa kwa ufundi wake ni vigumu kudai ujira wa ufundi. Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, ulimtambua mtu huyu kuwa mfanyakazi, mwenye haki ya mapumziko na masharti yaliyo wazi. Jina hilo, mfanyakazi wa nyumbani, halina umri ndani yake, wala udugu, wala mume na mke. Lililobaki ni ujira kulifuata jina.