Reli Iliyopasua Majabali ya Liguria

Abiria wa treni itokayo La Spezia kwenda Monterosso huiona bahari kwa vipande. Giza la handaki, mwanga wa ghafla, mawimbi chini ya dirisha, kisha giza tena. Humo katikati vimebanwa vijiji vitano vya Cinque Terre, katika pwani ya Liguria nchini Italia: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Safari yote haifiki nusu saa.

Kabla ya reli, huko kulifikiwa kwa mashua au kwa njia za nyumbu. Kwa karne nyingi wenyeji waliikata miteremko ikawa matuta, wakayashikilia kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, wakapanda mizabibu. Mawe yalipandishwa kwa mikono, zabibu zikateremshwa mabegani na vichwani. Kutokana na zabibu zilizoanikwa hutengenezwa hadi leo Sciacchetrà, divai tamu ya huko. Uzuri unaosifiwa sasa ni jasho la wakulima hao, na inafaa lisemwe wazi.

Mwaka 1874 reli ya Genova hadi La Spezia ilikamilika. Divai ilipata njia ya soko, lakini vijana nao walipata njia ya kuondoka. La Spezia palikuwa na karakana kuu ya jeshi la majini, iliyozinduliwa 1869, yenye mshahara wa uhakika. Mtoto wa mkulima aliweza kwenda kazini asubuhi na kurudi kulala kwao. Shamba likawa la jioni na Jumapili, baadaye likaachiwa wazee.

Kwenye matuta yaliyotelekezwa, usipoziba ufa hujengi ukuta mmoja tu. Mvua huporomosha hata matuta ya chini yake. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yalishusha tope na mawe hadi ndani ya Vernazza na Monterosso, yakaua watu. Mwaka uliofuata mawe yaliangukia Via dell'Amore, njia ya miguu kati ya Riomaggiore na Manarola, ikafungwa hadi 2024.

UNESCO iliitambua mandhari ya Cinque Terre kuwa urithi wa dunia 1997, na hifadhi ya taifa ikaanzishwa 1999. Watalii wamejaa, wajuao kupanga mawe ndio adimu.

Kuna reli nyingine, ndogo, ya chuma kimoja, inayopanda miteremko ikibeba makreti ya zabibu. Anayeshuka Manarola mwezi Septemba asiishie ufukweni. Apande hadi kwenye mizabibu, aone mavuno yanavyofanyika.