Walioketi Barazani na Waliolipa

Mwaka 1921 Harry Thuku alikuwa ameajiriwa kama mpokeaji simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi. Alikuwa kijana aliyesoma kwa wamisheni Kambui, Kiambu, na kabla ya hapo aliwahi kupanga herufi katika mtambo wa gazeti la walowezi. Hesabu za ofisi ile zilihusu kodi mbili zilizotikisa koloni mwaka huo. Ya kwanza ni kodi ya nyumba na ya kichwa waliyotozwa Waafrika, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi 8. Ya pili ni ushuru wa mapato, uliowagusa kwa mara ya kwanza wenye vipato vikubwa, yaani Wazungu hasa, pamoja na wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi. Haikuchukua hata miaka miwili, kodi moja kati ya hizo ikafutwa kabisa. Nyingine ilipunguzwa, lakini baada ya watu kuuawa.

Anayetaka kuelewa kwa nini Wakenya hupandwa na hasira kila Juni, Waziri wa Fedha anapobeba mkoba kwenda Bungeni, na aanzie hapo.

Kodi ya nyumba iliingia Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita. Kiwango chake kilikuwa rupia 2 kwa kila nyumba, kisha 3. Mwaka 1910 sheria mpya ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba, ili kijana asikwepe kwa kuendelea kulala kwa baba yake. Wahesabuji walipita kijiji kwa kijiji, na machifu na wazee waliowekwa na serikali wakahakikisha kwamba hakuna anayesahaulika. Kwa kuwa iliyotozwa ni nyumba, si mali iliyomo, familia nyingi zilianza kubanana katika nyumba chache. Mjane aliyebaki na kibanda chake alihesabiwa vilevile. Mwanzoni waliweza kulipa kwa mbuzi au kwa kufanya kazi, lakini serikali ilitaka fedha, na kwa Mwafrika wa miaka ile njia ya karibu zaidi ya kupata fedha ilikuwa kwenda kuwa kibarua katika shamba la mlowezi.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tume ya kazi iliyokaa mwaka 1912 na 1913 ilisikiliza walowezi wengi wakitaka, bila kuficha, kwamba maeneo ya Waafrika yapunguzwe na kodi iongezwe, ili wanaume watoke kutafuta ajira. Kodi hii haikuwa ya kujaza Hazina tu. Ilikuwa fimbo ya kuwachunga watu kuelekea mashambani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea ikafika rupia 5, na mwaka 1920 zikawa 8. Sarafu ilipobadilishwa, rupia hizo zikawa shilingi 16, fedha ambazo kwa vibarua wengi zilizidi ujira wa mwezi mzima. Juu ya hayo kulikuwa na kipande, kile cheti cha alama za vidole ambacho mwanaume alitakiwa kukibeba ndani ya kikopo cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni.

Kisha bei za mazao zikaanguka duniani. Katani, kahawa na mahindi vikashuka, na walowezi waliokuwa wamekopa benki wakabanwa. Dhiki yao ilikuwa ya kweli, sina sababu ya kuikana. Lakini angalia walivyoitatua. Mwaka 1921 walikubaliana kukata mishahara ya wafanyakazi wa Kiafrika kwa thuluthi moja. Kodi ya nyumba ilibaki pale pale. Wakati huohuo wakaugeukia ushuru wa mapato na kuapa kwamba hawatauvumilia.

Uwezo wa kuupinga walikuwa nao. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwepo tangu 1907, na mwaka 1920 Wazungu wakapata haki ya kuchagua wajumbe wao wenyewe, 11 kwa jumla. Idadi yao katika koloni ilikuwa ya maelfu machache tu. Mmoja wa wajumbe hao alikuwa Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Wahindi, waliokuwa wengi kuliko Wazungu, walinyimwa uchaguzi wa usawa. Waafrika, waliokuwa mamilioni, hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Kwa hiyo walowezi walipochoshwa na ushuru wa mapato hawakuhitaji kuandamana. Walifanya mikutano, wakaandika barua katika magazeti yao, wakaingia katika kamati ya uchumi na fedha iliyoundwa mwaka 1922, na kamati hiyo ikapendekeza ushuru ufutwe. Ukafutwa. Pengo likajazwa zaidi kwa ushuru wa forodha juu ya bidhaa kutoka nje, ambao mnunuzi wa Kiafrika aliulipa dukani bila kuonyeshwa risiti yoyote.

Baada ya hapo kila mtu mzima wa kiume asiye Mwafrika akaendelea kulipa kodi yake ya zamani ya kichwa: shilingi 30 kwa mwaka. Tajiri au maskini, kiwango kilikuwa hicho hicho. Ukiacha forodha na malipo ya ardhi, mwenye ekari laki moja na karani wa Kihindi wa duka la River Road walitozwa sawasawa. Mwafrika mwenye boma la nyumba tatu, hata baada ya kodi yake kushushwa hadi shilingi 12, alilipa shilingi 36. Nimezirudia tarakimu hizi mara nyingi nikitafuta kama kuna tafsiri nyingine isiyo ile ya wazi, na sijaiona.

Turudi kwa Thuku. Katikati ya mwaka 1921 yeye na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu, ambacho upesi kilipanuka na kuitwa East African Association, kwa maana Nairobi haikuwa ya kabila moja. Kilikuwa na Wakikuyu, Wakamba, Waganda, Wajaluo na watu wa pwani. Waliwaandikia wakuu wa London moja kwa moja kwa simu ya maandishi, wakilalamikia kodi, kipande, kukatwa kwa mishahara na wanawake kulazimishwa kufanya kazi mashambani. Mfanyabiashara na mwanasiasa M. A. Desai aliwapa nafasi na mtambo wa kuchapishia. Serikali ilimwambia Thuku achague kati ya siasa na kazi yake ya Hazina, naye akachagua siasa. Machifu wengi walimkasirikia, na haishangazi: ndio waliokusanya kodi, na mamlaka yao yalitoka mkono uleule.

Nyanza nako kulikuwa kunachemka. Desemba 1921 maelfu walikutana Lundha, Gem, katika harakati iliyokuja kujulikana kama Piny Owacho, wakiongozwa na walimu kama Jonathan Okwiri na Benjamin Owuor. Madai yao yalifanana sana na ya Nairobi: kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi za lazima zifungwe, na hadhi ya koloni wasiyoiridhia ibatilishwe.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi cha Nairobi. Wafanyakazi wakagoma. Asubuhi ya tarehe 16 umati ulikuwa umejaa nje ya kituo, ukidai aachiliwe. Wajumbe wa kiume walioingia kuzungumza na wakubwa walitoka wakiwasihi watu waondoke. Hapo, kama ilivyosimuliwa na waliokuwepo, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele ya wanaume, akainua nguo yake na kuwaambia kwamba kama wameshindwa basi wavue suruali zao wampe yeye. Kwa Wakikuyu hakuna tusi linalopita hilo. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea, na askari wakafyatua risasi. Walioketi katika veranda ya hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara nao walisemekana kupiga risasi. Serikali ilikiri vifo 21, na waliookota maiti walisema ni vingi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akakaa uhamishoni sehemu mbalimbali hadi mwishoni mwa 1930. Baadaye mwaka huo wa 1922 kodi ikashushwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Pima mwenyewe bei ya kila badiliko. Walowezi walifutiwa ushuru wote kwa kalamu ya kamati. Waafrika walipunguziwa shilingi nne, na kwa hizo walizika watu wao na kumpoteza kiongozi wao kwa karibu miaka tisa. Tofauti hiyo haikuletwa na uzito wa hoja. Iliamuliwa na nani alikuwa na kiti.

Miaka iliyofuata ilithibitisha hivyo. Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa katikati ya miaka ya 1920, wananchi katika wilaya nyingi walijitoza fedha za ziada kujenga shule, kwa kuwa kodi waliyoilipa haikuwarudia kwa kiwango cha haja. Tume zilizotumwa kutoka London, ya Lord Moyne mwaka 1932 na ya Sir Alan Pim mwaka 1936, zilikagua vitabu na kukuta kwamba mzigo haukugawanywa kwa haki. Ushuru wa mapato ulirejeshwa mwaka 1937, miaka 15 baada ya kufutwa. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliingia mwaka 1944.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ilitarajiwa kwamba jambo hili limekwisha. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa Kenya, ulisema wazi kwamba ushuru wa kupanda kulingana na kipato ungezuia utajiri usirundikane kwa wachache. Maneno hayo yalikuwa mazuri. Lakini mashamba ya walowezi yalipoanza kuuzwa, wengi walionunua yale makubwa walikuwa wanasiasa na maafisa wa serikali. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa iliruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara huku wakiendelea na kazi. Tangu hapo aliyeandika sera, aliyeipitisha na aliyefaidika wakawa, mara nyingi mno, mtu mmoja.

J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipaza sauti juu ya nchi ya mamilionea wachache na mamilioni ya ombaomba. Aliuawa Machi 1975. Mwaka huohuo Kenya ilianzisha ushuru wa faida inayopatikana kwa kuuza ardhi na mali nyingine. Ulikuwa ushuru wa maana katika nchi ambamo utajiri mkubwa umo katika ardhi. Mwaka 1985 ukasimamishwa, kwa hoja ya kuvutia uwekezaji, na ukabaki umesimamishwa hadi Januari 2015. Kwa miaka karibu 30, miaka ile ambamo viwanja vya umma viligawiwa wakubwa na viunga vya Nairobi kugeuka dhahabu, aliyenunua ardhi kwa bei ya bure na kuiuza kwa mamilioni hakudaiwa chochote juu ya faida hiyo. Ushuru wa mirathi ulishafutwa mapema zaidi, mwaka 1982. Lakini mwaka 1990 iliingia VAT, anayoilipa kila anayenunua sabuni au kalamu ya mtoto. Siwezi kuuita mpangilio huu ajali.

Hata mishahara ya wabunge wenyewe ilikuwa na ukuta wake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya malipo yao, yaani marupurupu, haikutozwa ushuru. Ilibidi Katiba ya 2010, katika kifungu cha 210, iseme kwamba hakuna sheria itakayomwepusha afisa wa serikali na ushuru kwa sababu ya cheo chake. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilipowadai mwaka 2011, wachache walilipa na wengi wakagoma. Mwaka 2013 wabunge wapya walipodai nyongeza ya mishahara, waandamanaji walipeleka nguruwe mbele ya Bunge.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada. Ulipotangazwa ulikuwa na VAT ya asilimia 16 juu ya mkate na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Serikali iliviondoa hivyo viwili baada ya kelele, lakini mengi yakabaki. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao na kuusambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, na alasiri hiyohiyo waandamanaji wakavunja uzio na kuingia Bungeni. Polisi waliwapiga risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya vifo 60 katika maandamano ya majuma hayo na yaliyofuata.

Ushuru wa faida ya mauzo ya mali uliporejea mwaka 2015 ulikuwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15, kiwango kile kile cha ushuru wa bidhaa anaoulipa mwanafunzi anaponunua salio la simu. Ushuru wa mirathi haujarudi. Shamba la maelfu ya ekari linaweza kutoka kwa baba kwenda kwa mwana leo bila Hazina kudai sehemu ya thamani yake kwa sababu ya urithi huo, na katika mswada ule wote wa 2024, uliotafuta fedha hadi kwenye mkate, hapakuwa na kifungu kilichopendekeza vinginevyo.