Mashine Isiyoshika Sailensi: Injini za Kupachika Kigoma na Ujiji

Injini ya kupachika, ambayo mwambaoni Kigoma huitwa mashine tu, hufungwa kwa vibano viwili nyuma ya boti. Ndiyo inayosukuma boti za mbao zinazotoka Kibirizi na Ujiji kwenda vijiji vya Ziwa Tanganyika visivyo na barabara. Nyingi ni za mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, na nyingi zimezeeka. Mashine ya namna hiyo ina maradhi mawili makuu. Asubuhi haiwaki mpaka kamba ivutwe mara ishirini, na ikiwaka haishiki sailensi, yaani mwendo wa chini kabisa: inamisi, inatikisa boti, kisha inazima nahodha anapopunguza moto kuingia gatini. Ufundi wa kutafuta chanzo cha maradhi hayo una historia yake, nayo imefuata zaidi upatikanaji wa mafuta na vipuri kuliko mabadiliko ya mashine zenyewe.

Kabla ya injini, safari ilitegemea makafi, tanga na hiari ya mwenye chombo. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta mitumbwi mingi, lakini jahazi la kufaa lilikuwa ng'ambo ya ziwa. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba mwenyewe, Mwarabu mfanyabiashara, akarudi mikono mitupu. Miaka 18 baadaye mpelelezi mwingine, Stanley, alilizunguka ziwa lote kwa siku 51, akianzia na kuishia Ujiji.

Petroli ilikuja na Vita Vikuu vya Kwanza. Desemba 1915 Waingereza walishusha majini upande wa Kongo boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimesafirishwa kutoka Uingereza kwa meli, kwa reli, na kwa kukokotwa porini. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli za nguvu za farasi 100, zikiwa ndani ya boti na si za kupachika. Tarehe 26 mwezi huohuo waliiteka Kingani ya Wajerumani. Lililobaki hata baada ya vita ni reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ndiyo iliyohamishia biashara Kigoma kutoka Ujiji, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kuleta mzigo kutoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita 1,252. Plagi ikifa Ujiji, mbadala wake ulikuwa upande wa pili wa nchi.

Injini ya kupachika yenyewe ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani baada ya Ole Evinrude kuunda yake mwaka 1909. Yamaha ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Mwaka huohuo Jane Goodall alifika Gombe, na fedha alizotafutiwa na Louis Leakey zilihusisha boti ndogo, kwa sababu Gombe haifikiki kutoka Kigoma ila kwa maji au kwa miguu. Wakati huo uvuvi wa dagaa na migebuka nao ulikuwa unabadilika. Kipe, yaani vyombo viwili vilivyounganishwa kwa nguzo na wavu kushushwa katikati chini ya mwanga wa karabai, kilienea kutoka upande wa Burundi kuanzia miaka ya 1950. Kipe ni kizito na hakipigwi kafi mbali, hivyo kilihitaji mashine.

Mashine za zama hizo zilikuwa na platini chini ya gurudumu zito linalozungushwa na kamba. Platini ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili koili itoe cheche. Vikiungua au vikishika unyevu, cheche hufifia, na inayofifia zaidi ni ile ya mwendo mdogo, mkono unapovuta. Ndiyo maana mashine ya zamani ilikuwa ngumu kuwaka huku ikikimbia vizuri ikishawaka. Dawa ilikuwa kipande cha msasa. Mifumo ya cheche ya kielektroniki iliiondoa kazi hiyo, na pamoja nayo ikaondoka nafasi ya kulitengeneza tatizo ufukweni: kisanduku cha elektroniki hakisuguliki.

Miaka migumu kuliko yote ilikuwa kati ya vita vya Uganda na bajeti ya 1984, iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Petroli ilikuwa adimu kiasi kwamba magari binafsi yalizuiwa barabarani Jumapili alasiri, na vipuri vilikuwa adimu zaidi. Mafuta ya taa, yakipatikana, yalikuwa tayari ndani ya chombo kwa ajili ya karabai. Watengenezaji wa Japani waliziuzia nchi za namna hii mashine maalumu za mafuta ya taa, zenye mgandamizo mdogo. Huwashwa kwa petroli kutoka tangi dogo, zikipata joto koki hugeuzwa. Mashine ya kawaida ikilishwa mafuta hayo huenda, ila kwa gharama.

Gharama hiyo huonekana kesho yake. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi mashine ikiwa baridi. Nahodha aliyesahau kurudi kwenye petroli dakika chache kabla ya kuzima huacha kabureta imejaa mafuta yasiyoshika cheche, na asubuhi hata choki haisaidii. Hapo hufunguliwa skrubu iliyo chini ya kabureta, yakamwagwa yaliyomo, ikaingizwa petroli. Masizi nayo hujaa kwenye plagi na kuzigandisha ringi katika mifereji yake.

Ukosefu wa vipuri uliacha alama nyingine, ndogo kuliko sindano. Sailensi hulishwa na jeti ya shaba yenye tundu jembamba kama unywele. Likiziba, mashine hukataa mwendo mdogo lakini hukubali mwendo mkubwa, kwa sababu mafuta ya kasi hupita kwenye jeti nyingine. Njia salama ni kuiloweka na kuipuliza. Njia ya haraka ni kuchomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli na kulizibua. Shaba ni laini, waya ni mgumu, na kila zibuo hupanua tundu. Jeti iliyozibuliwa kwa miaka kumi hupitisha mafuta kupita kiasi, na hapo hakuna kukaza wala kulegeza skrubu ya hewa kutakakoirudisha sailensi. Kosa hili ni baya kuliko uchafu wenyewe, maana halioshwi.

Kutokana na hayo fundi mzoefu hufuata utaratibu usiobadilika sana: cheche, mafuta, kisha kompresheni. Hufungua plagi, huirudisha kwenye kofia yake, huilaza juu ya chuma cha injini na kuvuta kamba kivulini. Cheche ya buluu inayolia inatosha, ya njano haitoshi. Kisha huisoma plagi yenyewe. Ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo nzuri. Oili huzidi mara nyingi kwa hofu: kipimo cha kawaida cha mashine nyingi ni lita 1 kwa lita 50 za petroli, lakini aliyewahi kuunguza pistoni huongeza, naye hulipa kwa plagi.

Mashine yenye silinda mbili ikimisi, kofia huvuliwa moja moja. Ikivuliwa ya silinda nzima mashine huzima, ikivuliwa ya silinda mbovu hakuna kinachobadilika. Kompresheni hupimwa kwa kidole gumba juu ya tundu la plagi. Isipokisukuma, ringi au gasketi imechoka. Yote hayo yakiwa sawa na sailensi bado haikai, hubaki sili za shafti. Mipigo miwili huvuta mchanganyiko wake kupitia tumbo la injini, na sili iliyokauka huingiza hewa humo. Kosa hilo halionekani kwa macho, na wengi hubadilisha kabureta nzima kabla ya kulifikiria.

Ziwa lina mchango wake pia. Liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni pungufu kwa kama asilimia 8, na mchanganyiko huelekea kuzidi mafuta kidogo. Mashine mpya haijali, yenye jeti iliyopanuliwa hujali. Maji yasiyo ya bahari hayali chuma sana, ndiyo sababu mashine huzeeka hapa bila kufa. Mbalamwezi ikiwa kali, karabai hazivuti dagaa na mashine za kipe hulala siku kadhaa kila mwezi. Mwaka 2024 zililala zaidi: Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Katika miezi mitatu petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha utando wa njano kama gundi, unaoanza kwenye tundu jembamba kuliko yote. Kuuzuia ni kuchomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inaunguruma na kuiacha inywe mpaka izime yenyewe.