Masharti ya Kazi Ngara na Biharamulo: Kutoka Kipande hadi Mkataba

Masharti ya kazi yaliyowafikia watu wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa muda mrefu yalikuwa ya aina mbili: yaliyosemwa kwa mdomo, na yaliyoandikwa kwenye karatasi ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma.

Ya mdomo yalitawala safari za karibu za kutafuta kazi. Wahangaza na Wasubi wa huko, pamoja na jirani zao Warundi, walikwenda Bukoba kulima migomba na mibuni ya Wahaya, na wengine wakavuka Mto Kagera hadi Buganda kwenye pamba na kahawa. Mwenye shamba na kibarua walipatana ujira, chakula na mahali pa kulala. Kibarua aliyedhulumiwa hakuwa na ushahidi, lakini alikuwa na miguu yake: aliondoka, akatafuta tajiri mwingine.

Karatasi ilitawala safari za mbali. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulizaa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na mashamba hayo yakawa na njaa ya watu isiyokwisha. Mwaka 1907, huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Kijerumani ilianza kugawa kadi zilizowalazimisha wanaume kufanya kazi kwa Wazungu siku 30 katika kila miezi minne. Sheria ya 1909 ikafuata, ikiweka utaratibu wa kuandikisha wafanyakazi na wa kufunga mikataba. Waingereza walipokuja walitunga yao mwaka 1923, iliyohusu mabwana na watumishi Waafrika. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, safari ya kutoka Ziwa hadi pwani ikawa nyepesi, na mawakala wa kuandikisha watu wakapata njia.

Aliyeandikishwa aliitwa manamba. Mkataba wake ulisomwa mbele ya ofisa wa serikali, naye akaweka dole gumba. Ulitaja muda, ujira, posho na nauli ya kurudi kwao. Lakini maisha yake shambani yaliamuliwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kila alipomaliza kazi ya siku. Mshahara ulilipwa baada ya alama 30, si baada ya siku 30 za kalenda. Aliyeugua, au aliyeshindwa kumaliza kazi aliyokatiwa na mnyapara, hakupata alama, na mwezi wake ukarefuka hadi kuingia katika mwezi wa pili. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili: karatasi ilisema mwezi, na mwezi wenyewe ulipimwa na mwajiri. Tena aliyetoroka hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu. Alikuwa na kosa la jinai, na angeweza kufungwa.

Idara ya Kazi ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde Browne, ambaye aliweka kambi za kupumzikia kwenye njia kuu za wafanyakazi. Ilifungwa mwaka 1931 uchumi ulipoanguka, wakati ule ule ilipohitajiwa zaidi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyochota wafanyakazi wengi kutoka Buha, Urundi na sehemu nyingine za bara.

Nguvu ilianza kuhama pale wafanyakazi walipojiunga. Shirikisho la vyama vyao, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, na migomo ikaingia kwenye mkonge miaka michache baadaye. Baada ya Uhuru, sheria ya 1964 ilizuia kumfukuza mtu kazi kiholela na ikaleta kamati za wafanyakazi.

Sheria inayotumika sasa ni ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kwa watu wa mikoa ya mbali kama Kagera vipengele vyake viwili vina maana ya pekee. Mwajiri anatakiwa kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoyaelewa amfafanulie kwa namna atakayoielewa. Mzozo ukifika mbele ya sheria na mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake. Pia, anayeachishwa kazi mbali na mahali alipoajiriwa anastahili kusafirishwa hadi huko yeye na mizigo yake, au kulipwa gharama hiyo. Haki hiyo ya nauli ndiyo ile ile iliyokuwamo katika karatasi ya manamba, ila sasa mwenyewe anaweza kuidai. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kuyafikisha.