Walimu wa hesabu walioifungua kompyuta

Leo tuache kodi kidogo, turudi kwenye historia.

Nilipokuwa nasomea sayansi ya kompyuta, maabara yetu ilikuwa na kufuli kubwa kuliko la stoo ya unga. Wahadhiri wenyewe walimsubiri mwenye ufunguo kama sisi. Ndiyo maana kisa cha chuo cha Dartmouth, kule Marekani, hunigusa sana.

Katikati ya miaka ya 1950 chuo hicho hakikuwa na kompyuta. Thomas Kurtz, mwalimu wa hesabu, alikuwa akipanda garimoshi hadi MIT na kadi zilizotobolewa matundu ili programu ziendeshwe huko. Hebu fikiria ugundue kosa la herufi moja baada ya safari kama hiyo!

Kurtz na mwenzake John Kemeny wakaja na wazo: kompyuta iwe kama maktaba. Mwanafunzi haombi ruhusa kutoa kitabu rafuni, basi kwa nini aombe kugusa kompyuta? Tena hawakuwalenga wanasayansi pekee. Wanafunzi wengi wa Dartmouth walisomea masomo mengine, na walimu hawa waliona kwamba hao ndio wangekuja kuwa wakubwa wa kuamua mambo ya kompyuta.

Vitu viwili vilihitajika. Kwanza, mashine moja igawe muda wake kwa watu wengi, kila mmoja akiwa kwenye teletaipu yake na kuhisi kompyuta ni yake peke yake. Pili, lugha nyepesi. Hiyo ndiyo BASIC. Sehemu kubwa ya mfumo iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, na tarehe 1 Mei 1964, mwendo wa saa kumi alfajiri, programu za kwanza za BASIC zikafanya kazi.

Hawakuishia hapo. Kurtz akawa mkurugenzi wa kituo kipya cha kompyuta kilichofunguliwa mwaka 1966, naye Kemeny akawa rais wa chuo kuanzia 1970 hadi 1981. Waliofundisha ndio waliopanga. BASIC nayo ikasafiri mbali: bidhaa ya kwanza ya Microsoft, mwaka 1975, ilikuwa BASIC ya kompyuta ya Altair.

Pesa za mashine zilitoka kwingine, lakini swali la mashine ni ya nani lilijibiwa na walimu.

Je, chuoni kwako ufunguo anao nani?